Nilivyoshusha giaboksi ya trekta dogo nikatengeneza mwenyewe

Mimi nalima mpunga huku Ifakara na nina katrekta kadogo ka Kijapani, used, hp 24, ndiko kanakonilisha. Msimu uliopita gia ya pili ikaanza kuruka, yaani unakatua jaruba vizuri halafu rotaveta, yale majembe ya kuzunguka ya nyuma, ikikutana na tope zito tu gia inachomoka yenyewe inarudi nyutro. Nikawa naishikilia kwa mkono siku nzima, jamani msifanye hivyo, foko, ile uma ya ndani inayosukuma gia, inasagika na gia huku unadhani unaokoa kazi. Mara haidroliki nayo ikaanza kunyanyua polepole na kulia.

Nikafungua nati ya kumwagia oili, ikatoka kama chai ya maziwa. Maji. Na kwenye hizi trekta ndogo nyingi oili ya giaboksi ndo hiyohiyo inayonyanyua haidroliki, kwahiyo kumbe ugonjwa ulikuwa mmoja.

Hela ya fundi sikuwa nayo, nikamfuata mzee mmoja aliyefanya kazi ya matrekta zamani, nikamwambia shikamoo babu, naomba unisimamie tu, mikono ni yangu. Akakubali, ila akanikataza kushika spana kabla sijachonga kabari mbili za mbao ngumu na kuzigongea juu ya ekseli ya mbele, kushoto na kulia. Ile ekseli inacheza kwenye pini moja ya katikati, ukitenganisha injini na giaboksi bila kabari injini inalala ubavu na wewe uko chini yake. Hapo sitanii kabisa, watu wanaumia.

Tukaweka magogo na jeki chini ya injini, jeki nyingine chini ya giaboksi, nikachomoa waya za betri, paipu za dizeli, za haidroliki, fimbo ya klachi na ya stelingi, kila hatua napiga picha na simu na boliti za kila sehemu zina kopo lake. Kisha tukasukuma upande wa nyuma kwa matairi yake, ikaachia.

Ndani nilikuta ncha za foko zimeliwa, springi ya kile kigololo kinachofunga gia imelegea, meno ya kushikia ya gia ya pili yameviringika, na beringi moja 6206 inakwaruza ukiizungusha. Hiyo beringi ni saizi ya kawaida, milimita 30 kwa 62 kwa 16, duka lolote la beringi wanayo, usikubali kuuziwa kwa bei ya "spea ya trekta". Gia niliagiza Kariakoo ikaja na basi. Foko fundi wa gesi akaijaza shaba, tukaichonga kwa tupa huku tunapima na venia, kile kipimo cha milimita, tukifuatisha foko nyingine isiyoliwa.

Lakini maji yalipitia wapi? Sili ya ekseli ya nyuma kulia, ule mpira unaozuia oili isitoke na maji yasiingie. Kamba ya nailoni ya mfuko wa mbolea ilijizungusha mle mpaka ikaikata. Ningebadilisha gia tu nikafunga, msimu unaofuata ningekuwa palepale.

Kurudisha ndo kulinitesa, masaa matatu shafti haiingii kwenye klachi, imebaki kama sentimita mbili, nikataka kuivuta kwa boliti. Babu akapaza sauti: "Acha! Utapasua nyumba ya klachi!" Tukafungua upya, kumbe pleti ya klachi haikukaa katikati. Tukachonga kijiti cha mbao kinene kama shafti, tukapitisha katikati ya pleti ndo tukakaza preshapleti, sahani inayoibana, halafu mmoja anasukuma mwingine anazungusha flaiwili, lile gurudumu zito la injini, taratibu, ikaingia yenyewe.

Oili ya kwanza niliweka ya kusafishia tu, nikatembeza nusu saa nikamwaga, ndo nikaweka nzuri lita 20 na kitu. Gia ya pili imetulia, ya tatu asubuhi bado inaguguna kidogo mpaka ipate moto. Na sasa kila jioni nikitoka jarubani, kisu mkononi, nakata nyasi na kamba zote kwenye ekseli kabla sijaenda kuoga.