Siku Nilipoanguka Njia ya Magamba

Mwezi wa Aprili mwaka 2014 nilikuwa bibi shamba wilayani Lushoto na mama wa watoto wawili, na pikipiki ya ofisi, Yamaha DT 125, ililala kila usiku chini ya upenu wa jiko letu. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Mdogo wake alikuwa na miezi mitano, naye alikuwa hajaonja kitu zaidi ya maziwa yangu, ukiacha vijiko vya uji mwepesi ambavyo mama mkwe alimpa kwa siri kila nilipochelewa, jambo ambalo nililijua lakini sikuwa na uso wa kulikemea.

Kuendesha pikipiki nilijifunza kabla sijaolewa, kwenye uwanja wa mpira wa chuo cha kilimo, na tangu nilipopangiwa kazi Usambara mwaka 2005 sikuwahi kuiona kuwa chombo cha kazi tu. Niliseme hili mapema, maana kwa miaka mingi nililificha nyuma ya neno kazi. Nilipenda kuondoka alfajiri, kupanda kutoka mjini hadi Magamba hewa ikizidi kuwa ya baridi, kuingia msituni mahali ambapo ukungu hukalia barabara hata jua likiwa limeshawaka kule chini Mombo, na kusikia sauti ya injini ikibadilika ninaposhusha gia kwenye kona. Ndani ya saa ile hakuna mtu aliyekuwa akinihitaji. Baada ya kuzaa saa ile ikawa tamu zaidi, na nadhani wanawake waliowahi kunyonyesha huku wakifanya kazi wataelewa bila mimi kueleza sana.

Hata hivyo haikuwa anasa. Vijiji vyangu vilikuwa mbele ya Lukozi, na mabasi ya upande ule yalishuka mjini alfajiri na kupanda tena alasiri, kwa hiyo mtu aliyeishi mjini na kufanya kazi huko juu hakuwa na budi kulala. Kwa pikipiki niliweza kwenda, kufundisha, na kurudi kabla jua halijazama. Likizo yangu ya uzazi ya siku 84 ilikuwa imekwisha mwezi wa Februari, na ingawa sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wake wakati wa kazi, saa hizo zinamfaa mama ambaye mtoto yuko karibu. Zangu zote mbili ziliishia barabarani. Chombo kilekile ambacho mama mkwe alikitazama kwa hofu ndicho kilichokuwa kikinirudisha kwa mwanangu kila jioni. Kila nilipojaribu kulipima jambo hili, mizani ilikataa kutulia kwa sababu hiyo.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa na shamba darasa la viazi mviringo. Bakajani chelewa ilikuwa imeingia. Ni ugonjwa unaopenda baridi na unyevunyevu, na masika yale yalikuwa na vyote viwili kwa wingi; jani huanza na doa lenye rangi kama ya kitu kilichomwagiwa maji ya moto, na ndani ya siku chache shamba zima linaweza kunyauka na kunuka uozo. Wakulima walikuwa wamenipigia simu mara tatu wiki ile. Tulipita mstari kwa mstari, tukageuza majani kutazama ukungu mweupe upande wa chini, tukazungumza juu ya wakati wa kupiga dawa na juu ya kung'oa mashina yaliyoathirika. Tulipomaliza ilikuwa imefika saa nane mchana, na mawingu yalikuwa yameshashuka hadi kwenye miti.

Mwenye shamba, bibi mtu mzima ambaye wote tulimwita Mama, alinishika mkono nilipokuwa nikivaa koti la mvua.

“Mwanangu, lala hapa. Mvua hii haikupi njia.”

“Mama, nimeacha mtoto mchanga nyumbani.”

“Najua. Ndiyo maana nakwambia ulale.”

Nilimshukuru, nikapiga kiki. Sentensi yake ile nimeirudia kichwani kwa miaka mingi kuliko jambo lolote nililofundishwa chuoni. Mimi nilimtaja mtoto kuwa sababu ya kuondoka, naye alimtaja mtoto huyohuyo kuwa sababu ya kubaki, na wakati ule nilidhani ni yeye ambaye hakunielewa.

Barabara ya udongo mwekundu wa Usambara ikilowa haitelezi sawasawa kila mahali. Kuna sehemu ngumu zinazoshika tairi, halafu ghafla kuna utandu laini kama sabuni, na macho hayawezi kutofautisha. Udongo ulijaa kati ya tairi la mbele na madigadi hadi nikalazimika kusimama mara mbili kuukwangua kwa kijiti. Nilikuwa nikienda polepole. Hilo nalisema kwa uhakika. Nilikuwa pia nikitazama saa, na hilo nalo ni kweli. Kifua kilikuwa kimeshaanza kujaa na kuuma.

Kwenye kona moja ya kuteremka, kabla ya kuufikia msitu, Fuso lilitokea kwenye ukungu likipanda. Lilikuwa tupu, matenga yamefungwa nyuma, likienda Lukozi kupakia kabichi za kupeleka Dar es Salaam. Gari tupu kwenye matope huyumba kuliko lenye mzigo, na lile lilikuwa limekwishaacha upande wake, likiifuata mikondo ya matairi iliyochimbika katikati ya barabara. Kulia kwangu kulikuwa na gema, kushoto korongo. Nikabana breki ya mbele. Kila aliyefundishwa kuendesha kwenye utelezi anajua kwamba kwenye mteremko wa matope breki ya mbele haibanwi kwa nguvu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimewaonya wafanyakazi wenzangu wapya juu ya jambo hilohilo. Lakini vidole vilitangulia akili. Gurudumu la mbele lilifunga, likakatika kuelekea kushoto, na mimi nikaenda chini upande wa kulia pamoja na pikipiki. Kichwa kiligonga jiwe lililokuwa chini ya gema. Nilisikia mlio wake ndani ya helmeti, mlio mkavu, kama gogo linalopasuliwa.

Fuso lilisimama. Baadaye nilipima kwa macho: kutoka tairi lake la mbele hadi nilipolala zilikuwa hatua nne.

Mguu wangu ulikuwa umebanwa chini ya tangi, na bomba la moshi lilikuwa likiunguza shavu la mguu kupitia suruali, lakini maumivu hayo niliyajua baadaye. Nilichokihisi kwanza ni joto kifuani. Mvua ilikuwa ya baridi, na joto lile lilikuwa likitiririka taratibu chini ya koti hadi tumboni, nikaamini kabisa kwamba ni damu. Nikaingiza mkono, nikautoa, nikautazama. Yalikuwa maziwa. Ilikuwa saa tisa kasoro, saa ambayo siku nikiwa nyumbani mwanangu huamka usingizini kunyonya.

Utingo, kijana ambaye sidhani kama alikuwa amefikisha miaka 20, aliruka chini akaja mbio. Aliinua pikipiki peke yake, akaniketisha kwenye gema, akaniuliza nimeumia wapi. Kisha akaona blauzi yangu pale koti lilipofunguka, akageuza uso haraka kwa heshima, akasema kwa sauti ya chini: “Pole, Mama. Kumbe una mtoto mdogo.” Hakusema neno jingine. Dereva alishuka pia, mtu mzima, akasimama pembeni akitetemeka mikono, akirudia kusema kwamba hakuniona.

Mkono wa breki ya mbele ulikuwa umevunjika. Tuliikokota pikipiki hadi kwenye nyumba ya jirani, nikaiacha hapo, nikatembea kwa mguu mmoja wenye nguvu na mmoja wenye kuungua hadi Magamba, na huko nikapata gari la abiria la kunishusha mjini. Nilifika nyumbani giza likiingia. Mtoto alikuwa amelia hadi sauti ikamkauka. Nilimwamkia mama mkwe, akaitikia marahaba, akanipa mtoto, akaenda kuchemsha maji ya kunikanda. Hakunilaumu kwa neno lolote, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko lawama.

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikinyonyesha wakati binti yangu alipoichukua helmeti ili kuitundika msumarini, kazi aliyojipa mwenyewe tangu alipoweza kuufikia. Alisimama. Juu ya sikio la kulia rangi ilikuwa imechubuka na kulikuwa na mchimbiko mrefu kama kidole, mpana kiasi kwamba kidole chake cha shahada kilitosha ndani. Akakipitisha mle taratibu, mwanzo hadi mwisho.

“Mama, hapa pameliwa na nini?”

Nilimjibu kwamba Mama aliteleza. Akaniuliza kama na kesho nitateleza. Sikuwa na jibu, na ninamshukuru Mungu kwamba sikubuni moja.

Usiku ule mimi na mume wangu hatukulala mapema. Yeye ni mwalimu, mtu wa maneno machache, na alianza kwa kusema kwamba hanikatazi. Nikamwambia kwamba sitafuti ruhusa, natafuta mtu wa kupima pamoja naye. Nilikuwa na kinyongo changu: katika ofisi yetu kulikuwa na bwana shamba mwenye watoto wanne, aliyepita barabara zilezile kwa pikipiki ya aina ileile, na sikuwahi kumsikia mtu yeyote akimuuliza watoto wake watalelewa na nani. Mume wangu alinisikiliza, kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe hupanda bodaboda kila siku kwenda shuleni bila helmeti, na kwamba hajawahi kujiuliza swali hilo. Ninavyoona mpaka leo, swali lenyewe lilikuwa la haki. Kosa lilikuwa kuulizwa mama peke yake, kana kwamba mtoto anayefiwa na baba hapungukiwi kitu.

Tulichukua daftari. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeandika kwa miaka kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 40 na hatari ya majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70, na usiku ule nilikuwa ushahidi ulioketi kitandani. Lakini asilimia 40 si mia moja. Tuliandika pia jambo ambalo liliniuma kuliko yote: kwamba mara kadhaa nilikuwa nimempeleka binti yetu chekechea akiwa amekaa juu ya tangi, mbele yangu, bila kitu kichwani, ilhali kanuni za pikipiki za biashara za mwaka 2010 zilikataza kubeba mtoto aliye chini ya miaka tisa. Mimi sikuwa bodaboda, lakini fuvu la mtoto halijui kama aliyembeba ametozwa nauli. Hilo lilikwisha usiku uleule, bila mjadala.

Kuacha pikipiki kabisa kulimaanisha kulala vijijini usiku tatu kwa wiki, au kuacha kazi iliyokuwa ikilipa nusu ya kila kitu nyumbani. Kuendelea kama zamani kulimaanisha kumwambia binti yangu uongo kila asubuhi. Tulibishana, tukanyamaza, tukabishana tena. Kilichotufungua ni maneno ya yule bibi mwenye shamba, nilipomsimulia mume wangu alivyonisihi nilale. Akauliza: “Na kama ungelikuwa na mtoto?” Nikamwambia sijaelewa. “Kama mtoto ungelikuwa naye huko huko, ungelala?”

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa mkuu wangu wa kazi nikamweleza kwamba wakati wa masika sitapita njia ile kwa pikipiki hadi mtoto aache ziwa. Hakufurahi. Aliniambia wapo wengine wanaoitaka nafasi yangu, na nilitoka pale nikiwa na machozi ambayo sikuyaruhusu kudondoka hadi nilipofika barabarani. Lakini hakuandika barua ya kunipinga. Nilihamisha mashamba darasa yote ya vijiji vile yawe siku mbili zinazofuatana, nikapanda basi la alasiri mtoto akiwa mgongoni na mpwa wa mume wangu akiwa amebeba nepi, na yule bibi alinipa chumba. Alikuwa ametandika kitanda kabla sijafika. Tulilala hapo usiku mmoja kila wiki hadi mwisho wa Juni, na wakulima walizoea kuona mwalimu wao akinyonyesha chini ya mti huku akijibu maswali juu ya mbegu.

Helmeti ile sikuivaa tena. Sponji ngumu ya ndani ikishabonyea mara moja haiwezi kukinga pigo la pili, hata kama ganda linaonekana zima. Nilinunua mbili mpya kwa mshahara wa Mei, yangu na ya mume wangu, na ile ya zamani ikabaki msumarini kwa sababu binti yangu alikataa itupwe.

Mwezi wa Agosti kipupwe kilikuwa kimekausha njia zote. Mdogo alikuwa na miezi tisa, anakula uji na viazi vya kupondwa, na angeweza kunisubiri hadi alasiri. Asubuhi ya kwanza niliyorudi kwenye pikipiki, binti yangu aliamka kabla sijamwamsha, akasimama mlangoni na helmeti mpya kifuani, hakunipa.

“Leo kuna matope?”

Nikamwambia hakuna, barabara imekauka. Akaiweka helmeti chini, akatoka hadi uani akiwa peku, akatazama upande wa Magamba muda mrefu, akarudi, akaiokota, akanipa.