Mayai yenye kiini laini kwa presha kuka ya umeme

Kwa watu wengi wa hapa Njombe presha kuka ya umeme ni chombo cha maharage, makande, makongoro na nyama iliyokomaa, na ukimwambia jirani kwamba unaitumia kupikia mayai, atakuuliza kwa nini uisumbue kwa kitu kinachoiva vizuri kwenye sufuria ya kawaida. Ni swali la haki. Chombo chenyewe kilianza kwa kazi ngumu: Mfaransa Denis Papin alipokibuni mwaka 1679, alitaka kulainisha mifupa. Hata hivyo nalijibu swali hilo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu jibu lake linahusu hasa lile yai ambalo ute wake umeshikana na kiini chake bado kinatiririka. Yai la kuiva kabisa halidai ustadi mkubwa. Ukilisahau jikoni kwa dakika tatu zaidi, bado linalika. Yai lenye kiini laini linakupa nafasi ya dakika moja, pengine pungufu, na chombo kinachorudia joto lile lile kila asubuhi ndicho kinachomwondolea mpishi kubahatisha.

Ute wa yai ni maji yenye protini za aina kadhaa, na kila protini huganda kwa joto lake. Ovotransferini huanza kushikana kwenye nyuzijoto 61 hivi, ilhali ovalbumini, ambayo ni zaidi ya nusu ya protini zote za ute, husubiri hadi karibu nyuzijoto 80 ndipo ikaze. Kiini chenyewe huanza kuwa kizito kwenye nyuzijoto 65 na hushikana karibu na 70. Maana yake ni kwamba ute unahitaji joto kubwa kuliko kiini, na unapaswa kulipata upesi, kabla joto hilo halijapenya hadi katikati. Moto mkali wa muda mfupi unalifaa yai hili kuliko moto wa taratibu, na ndiyo maana mvuke wenye presha, ambao wengi hudhani ni mkali mno kwa kitu chenye ganda jembamba, unafanya kazi vizuri kuliko wanavyotarajia.

Mimi nilikulia Tanga, na tofauti ya nchi ya juu na pwani naiona jikoni kila siku. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 unazopanda, maji huchemka kwa joto pungufu la takriban nyuzijoto moja. Kwa hiyo maji yanayochemka Tanga kwa nyuzijoto 100 hapa hutokota kwa 93 hivi, na yai lililopikwa kwa saa ya pwani hutoka na ute wa majimaji kuzunguka kiini, jambo linalowachukiza hata wale wanaopenda kiini kibichi kidogo. Presha kuka hupunguza tofauti hiyo bila kuifuta, kwa sababu presha yake huongezwa juu ya ile ya hewa ya mahali ulipo. Katika presha ya chini, mvuke wa ndani hufika kama nyuzijoto 110 pwani na kama 106 huku kwetu. Zote mbili zinatosha kukaza ute kwa haraka. Tofauti iliyobaki unaimaliza kwa kuongeza muda kidogo.

Kuna faida nyingine ambayo naiona kubwa zaidi. Ukitumbukiza mayai kumi na mawili kwenye sufuria ya maji yanayochemka, maji hupoa ghafla, na muda wa kurudi kuchemka hutegemea mkaa umekolea kiasi gani au mtungi wa gesi umebaki na nini. Katika presha kuka mayai hukaa juu ya maji, si ndani yake. Mvuke unapoligusa ganda hugeuka maji na kuliachia joto lake, na huendelea hivyo kwa kila yai kwa usawa, tena chombo hakianzi kuhesabu dakika mpaka presha ifike kiwango chake. Mayai mawili na mayai kumi na mawili hutoka yakiwa yamefanana sana, isipokuwa hayo kumi na mawili huchelewesha kidogo kupanda kwa presha.

Sasa niseme juu ya maelekezo tunayoyasoma kutoka Marekani, kwa maana wengi huyafuata neno kwa neno na kuishia na kiini kikavu. Mayai ya madukani kule huoshwa na lazima yatunzwe kwenye ubaridi, na yai wanaloliita kubwa huwa na uzito wa gramu 57 hivi. Yai letu la kienyeji mara nyingi halifiki hata gramu 50, nalo huuzwa likiwa limekaa kwenye trei dukani au kwenye kikapu cha muuzaji, katika joto la kawaida la hewa. Charles D. H. Williams, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza, alitunga kanuni ya kukadiria muda wa kuchemsha yai lenye kiini laini, na inaonyesha jambo hili wazi: yai la gramu 57 lililotoka kwenye friji likiwa na nyuzijoto 4 huhitaji dakika nne na nusu katika maji yanayochemka, na yai hilo hilo likianza na nyuzijoto 21 huhitaji tatu na nusu. Dakika nzima imeondoka kwa sababu ya friji peke yake, kabla hujagusa suala la ukubwa. Kwa chakula ambacho nafasi yake yote ni dakika moja, hilo si jambo dogo, na naomba msomaji alizingatie kuliko namba yoyote nitakayoitoa hapa chini.

Mimi hufanya hivi. Kwenye presha kuka ya lita sita namimina kikombe kimoja cha maji, yaani mililita 250 hivi, na maji hayo huwa nimeshayachemsha kwenye birika la umeme. Maji ya baridi nayo yanafaa, ila presha huchukua muda mrefu kupanda, na muda huo hubadilika kulingana na umeme wa siku hiyo, huku mayai yakiiva polepole katika mvuke hafifu ambao hakuna anayeuhesabu. Birika linafupisha kipindi hicho na kukifanya kilingane kila siku. Naweka kile kichanja cha waya kilichokuja na chombo, napanga mayai juu yake kwa safu moja, nafunga mfuniko, nageuza vali ya mvuke upande wa kufunga, kisha nachagua presha ya chini. Mayai ya kisasa yaliyokaa kabatini nayapa dakika tatu, na ya kienyeji nayapa mbili. Hizo ni dakika za Njombe. Aliyeko Tanga, Mombasa au Dar es Salaam aanze na pungufu ya dakika moja, na vivyo hivyo kwa mwenye chombo kisichokuwa na presha ya chini, kwa maana presha ya juu hupeleka mvuke hadi nyuzijoto 112 hivi huku na 116 pwani.

Presha kuka nyingi hazihesabu nusu dakika, lakini nusu dakika inapatikana: chombo kinapolia kwamba muda umekwisha, hesabu sekunde thelathini ukiwa umesimama hapo hapo, ndipo uifungue vali. Kwa mara ya kwanza na chombo kipya ningependa upike mayai mawili tu ya ukubwa mmoja, uyapasue kwa kisu, uangalie, na kuanzia hapo uongeze au upunguze.

Baada ya mlio, usiuache mvuke ushuke wenyewe kama ufanyavyo kwa maharage. Ndani bado kuna joto linalopita lile la maji yanayochemka, na dakika kumi za kusubiri zinatosha kukausha kiini na kukizungushia ule utando wa rangi ya kijani na kijivu, unaotokea salfa ya ute inapokutana na chuma cha kiini. Geuza vali mara moja kwa mpini wa mwiko, uso na mkono vikiwa mbali, kwa kuwa mvuke ukigusa ngozi huiachia joto lake kama unavyoliachia ganda la yai, na huunguza vibaya sana. Subiri kile kidude cha chuma karibu na vali kishuke, ndipo uinue mfuniko. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fanya vivyo hivyo: fungua vali papo hapo, kwa sababu chombo kilichozimika hakipoi haraka, na mayai hayajui kwamba umeme umekatika.

Kisha ni maji baridi, bila kupumzika njiani. Huku kwetu maji ya bomba ya mwezi Juni na Julai yanatosha yenyewe; pwani utahitaji kipande cha barafu kwenye bakuli. Dakika mbili zinafaa kwa yai utakalolila likiwa moto, na dakika tano au zaidi kwa yai unalotaka kulimenya likiwa zima.

Kumenya ndiko kunakowakatisha watu tamaa, hasa kwa mayai ya kienyeji yaliyotagwa jana. Yai jipya kabisa lina hewa ukaa ndani ya ute, na ute wake hung'ang'ania utando wa ganda. Kadiri siku zinavyopita hewa hiyo hutoka kupitia matundu madogo ya ganda na ute huachia kwa urahisi. Mvuke mkali wa ghafla husaidia hata kwa yai jipya. Mimi hugonga kwanza upande wa butu, penye mfuko wa hewa, kisha naliviringisha taratibu mezani hadi ganda lijae nyufa ndogo ndogo, halafu namenya ndani ya maji, nikipitisha dole gumba chini ya utando badala ya kuuvuta ganda kwa ganda. Yai lililoiva ipasavyo hutikisika mkononi na kuacha alama kidogo ukilibonyeza. Ukilikata, ute ni mweupe kote hadi unapokutana na kiini, na kiini cha kuku aliyekula majani hutoka kizito, cha manjano iliyokolea, kikashuka kwenye sahani polepole.

Mama mkwe wangu alipolikata la kwanza aliniuliza, "Mwanangu, hili limeiva kweli?" Nikamjibu, "Ute umeiva, mama. Kiini nimekiacha makusudi." Swali lake lilikuwa na uzito kuliko alivyodhani. Joto la mvuke kupita nyuzijoto 100 halimaanishi kwamba kiini nacho kimefika huko. Kiini kinachotiririka hakijafika hata 70, na kama yai lilikuwa na vijidudu vya salmonela, vinaweza kubaki hai. Kwa hiyo wajawazito, watoto wadogo, wazee na wagonjwa nawapikia yai la kuiva kabisa, dakika sita au saba, bila mjadala. La mama mkwe hupikwa hivyo tangu siku hiyo, na mayai yenye nyufa au yaliyokaa bila kujulikana siku zake hayaingii katika mapishi haya hata kidogo.

Kuhusu umeme, jirani asiwe na wasiwasi. Chombo cha wati 1,000 kikivuta umeme mfululizo kwa dakika sita kimetumia sehemu moja ya kumi ya uniti, na kwa maji yaliyotoka kwenye birika huvuta hata muda mfupi zaidi, ingawa birika nalo lina matumizi yake.

Sisi huyala kwa mkate uliochomwa na parachichi, ambalo Njombe halitupi shida kulipata, pamoja na chumvi na pilipili manga. Au juu ya viazi mviringo vya kuchemsha, ambapo kiini hugeuka kuwa mchuzi. Yakibaki, yaweke kwenye friji na maganda yake, uyale kabla ya siku mbili kwisha, na ukitaka yapate moto yatie kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa dakika moja au mbili, usiyarudishe kwenye presha.