Wa kuliwa au wa kuzikwa?

Niko Kongwa, Dodoma, kwa likizo. Kwa jamaa zangu, ukishasomea magonjwa ya mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, wewe tayari ni bwana mifugo, cheti kije kisije. Kwa hiyo simu hazikomi.

Morogoro, mzoga ukiwa mezani, mwalimu anauliza: nini kimemuua? Huku naulizwa: ni wa kuliwa au wa kuzikwa? Nilikuwa naliona swali hili ni la tumbo tu. Siku hizi naliona gumu kuliko mtihani wowote wa patholojia.

Chukua ugonjwa wa kimeta. Jana ng'ombe alikuwa malishoni, leo ni mzoga, damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani. Mwanafunzi mikono inamwasha, anatamani kuiona hiyo bandama iliyovimba. Hapo ndipo hupasui. Bakteria wa kimeta wakipata hewa hujifungia ndani ya ganda gumu na kukaa ardhini miaka mingi sana. Unachukua damu kidogo sikioni, unaipaka kwenye kioo cha hadubini, basi. Mzoga unachomwa au unafukiwa shimo refu, na ngozi yake. Sasa kamwambie hivyo mtu aliyekuwa anamtegemea huyo ng'ombe kwa ada ya shule!

Wazee wa hapa, ukitaja Homa ya Bonde la Ufa, wanakusikiliza. Mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, Dodoma iliumia kuliko mikoa mingine. Kondoo walitupa mimba, wana-kondoo wakafa, na watu waliochinja au kuchuna wanyama wagonjwa wakaugua, wengine wakafa. Ugonjwa huletwa na mbu, lakini damu ya mnyama mgonjwa mikononi inatosha. Mjomba anakumbuka watu walivyoikimbia nyama.

Juzi mbuzi wake alikuwa anakohoa na kuhema kwa shida, wakamuwahi kwa kisu. Nilikuta pafu moja limegandamana na mbavu, maji ya njano kifuani: dalili za homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo haimpati binadamu. Hata hivyo nilimwomba asubiri afisa mifugo wa kata, maana kukagua nyama si kazi yangu bado.

"Sawa, mjomba," akanijibu. "Na haya mapafu tuwape mbwa?"

Nikavuta kigoda, tukaanza habari za minyoo.