Idadi ipo, mwendo haupo

Kuna sampuli leo imenikalisha kwenye hadubini kuliko kawaida. Mbegu za kiume zimejaa, maumbo mazuri tu, ila zimetulia. Mikia inatikisika kidogo, haziendi popote.

Watu wakisikia hivyo husema jamaa "hana nguvu". Jamani, nguvu za chumbani ni habari nyingine kabisa!

Mbegu huchukua kama siku 74 kutengenezwa kwenye korodani, na ikitoka hapo bado haijaweza kuogelea. Inakomaa kwenye epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani, na huko nako inakaa kimya ikisubiri. Ikikutana na bikaboneti, aina ya chumvi iliyomo kwenye shahawa, kimeng'enya kilicho ndani ya mbegu kinatengeneza cAMP, molekuli ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, nayo inaamsha protini iitwayo PKA, na mkia unaanza kupiga. Ikikaribia yai, homoni ya projesteroni inafungua CatSper, mlango wa kalsiamu ulio mkiani, uliotangazwa na watafiti mwaka 2001. Kalsiamu ikiingia, mkia unachapa kama mjeledi na mbegu inapata msukumo wa kupenya ganda la yai. Jeni za CatSper zikiwa na hitilafu, mwanamume anaweza kuwa na mbegu tele na mimba isitunge.

Si kila sampuli iliyotulia ina shida hiyo, na hadubini yangu haioni protini. Kinachonikera ni mke kuzungushwa hospitali miaka na miaka, mume hajapimwa hata mara moja. Kopo moja safi na kama nusu saa shahawa zilainike, basi. Akina kaka, mnaogopa nini?