Siku moja maishani mwangu: bibi shamba wa Igunga, Tabora

Saa 12 asubuhi nishakunywa chai na kiazi, napiga kiki pikipiki naelekea mbuga ya Wembere. Mwezi wa pili huu na mvua imekata, toka jana usiku simu haitulii, wote wanauliza kitu kimoja: mpunga unaungua ncha afu unageuka njano, tuweke mbolea gani? Mie mbolea simtajii mtu kabla sijaona shamba, maana mbolea nyingi za dukani nazo ni chumvi, na kama shida ni chumvi hapo unamuongezea mgonjwa ugonjwa.

Saa 2. Mwangaluka baba, mwangaluka, tunaingia jarubani. Kwenye kingo kuna utando mweupe, ukiugusa unasagika kama unga, na maji yamebaki kidogo tu katikati. Ukisoma vipimo vya wataalam, mpunga unaanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikipita 3 hivi (desisimensi kwa mita, yaani maji ya udongo yanavyopitisha umeme, chumvi ikizidi nayo inapanda), na kila namba moja inayoongezeka mavuno yanashuka kama asilimia 12, wakati shayiri inavumilia mpaka 8. Sasa jaruba la pembeni, maji yaleyale, udongo uleule, ila mbegu tofauti ya kustahimili chumvi, lipo kijani! Mzee kaniangalia, "Bibi shamba, hiyo mbegu imepakwa dawa gani?"

Nikachuchumaa nikang'oa shina moja kila upande. Haina dawa, baba. Chumvi inaumiza mara mbili, kwanza inayashikilia maji, mzizi unakaa na kiu umezama majini, pili sodiamu ikipanda inagombania nafasi ya potasiamu ambayo protini za ndani ya seli zinaihitaji zifanye kazi. Mpunga sugu una toleo lenye nguvu zaidi la jeni inaitwa HKT1;5, inatengeneza protini inayokaa kwenye njia ya maji toka mizizini na kuitoa sodiamu kabla haijafika juu, kama konda anayeshusha wasio na nauli gari likiwa bado stendi. Jeni hiyo ilitambuliwa 2005 kwenye mpunga wa kienyeji wa India, Nona Bokra, na Pokkali, mpunga wa Kerala, India, nayo imetumika sana kuzalishia mbegu sugu. Kiasi kinachopenya kinasukumiwa majani ya zamani, ndo maana yale ya chini yameungua na jani changa katikati ni safi. Mzee alilishika lile jani changa muda mrefu. Ila nikamwambia ukweli, mpunga ukiwa mchanga kabisa na ukichanua ndo chumvi inauumiza zaidi, kwa hiyo mbegu peke yake haitoshi, mvua ikirudi jaza maji uyatoe, uoshe jaruba.

Saa 7, jua la utosi, shamba la mahindi mlimani. Mama analia yamekufa, majani yamejikunja kabisa. Hayajafa mama! Mizizi ikikosa maji homoni inaitwa ABA inaongezeka, inashikwa na protini zake za kupokea (zilijulikana 2009), na vitundu vya kupumulia kwenye jani vinafungwa maji yasipotee, kujikunja nako ni kubana maji. Njoo alfajiri, ukikuta yamekunjuka yapo hai. Mie wasiwasi wangu ni ndevu. Ukame unachelewesha ndevu kutoka wakati mbelewele inamwaga poleni kwa ratiba yake, zikipishana siku nyingi gunzi linabaki mapengo, na wazalishaji wa mbegu wamechagua miaka mingi mimea ambayo haipishani.

Kijana wake akauliza, si ndo yale mahindi ya majaribio ya Makutupora? Hapana. Yale yaliyopandwa kwa majaribio Dodoma 2016 yaliwekewa jeni ya bakteria, Bacillus subtilis, inayotengeneza protini CspB ya kulinda RNA (nakala ya maagizo ya jeni) mmea ukiteseka. Hizi mbegu zetu za dukani ni za kuchavusha tu na kuchagua. Ni vitu viwili tofauti na watu wana haki ya kuambiwa kipi ni kipi.

Saa 10 ofisini, ripoti, umeme umekatika, basi.

Saa 2 usiku yule mzee wa mpunga kapiga: anaweza kutunza mbegu ya lile jaruba la kijani? Anaweza, mpunga unajichavusha wenyewe, achague mashuke ya katikati mbali na mpaka, akaushe vizuri, asichanganye na nyingine. Mama wa mahindi nimemwambia kinyume: kama ni chotara (mbegu ya kuchanganya wazazi wawili tofauti) anunue upya msimu ujao, akirudia punje zake ule usugu utatawanyika.