Jumatatu za Simba

Leo Ijumaa. Watoto wameshakwenda, nimebaki na mkeka uliojaa makombo ya chapati na sanduku la vizibo vya soda lililopungukiwa na vitatu vya buluu. Najua vilipo. Vimo mfukoni mwa mtoto ambaye humu nitamwita Simba, kwa ajili ya fulana yake yenye picha ya simba asiye na macho. Sabuni imeyala yote mawili.

Simba ana miaka minne. Muhula ulipoanza alikuwa anauma watu. Sisemi utani wa watoto: alimuuma mwenzake mkononi mpaka ungeweza kuhesabu meno. Mama wa yule mtoto akanionyesha ule mkono langoni, mbele ya vijana wa bodaboda, nami sikuwa na la kusema.

Nafundisha chekechea hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka wa 11 sasa, na miaka mingi dawa yangu ilikuwa moja: "Nyamaza!" Fimbo niliiacha. Sheria ya Watoto iliporekebishwa mwaka 2016 na kupiga marufuku viboko shuleni, nilitii, nikajiona mwalimu wa kisasa. Lakini jicho langu liliendelea kuchapa, na sauti vilevile. Tuliporudi Januari 2022, baada ya shule kufungwa tangu Machi 2020, nilipokea watoto wa darasa la juu ambao hawakuwahi kukaa mkeka mmoja na wenzao. Mwaka ule nilifoka kuliko mwaka mwingine wowote. Darasa likanyamaza, nami nikaliita hilo nidhamu.

Ni mwalimu mwenzangu, binti aliyetoka chuoni juzi tu, aliyeniambia: "Dada, kabla hujamkaripia, andika." Niandike nini? Siku, saa, kilichotangulia, kilichofuata. Nilicheka. Nina watoto 38, kalamu nitaishika saa ngapi? Ila ule mkono wenye alama za meno ulikuwa unanisumbua usingizini, nikanunua daftari.

Baada ya wiki tatu daftari likanisema. Simba alikuwa anauma Jumatatu, mara chache Jumanne. Na karibu kila mara ilikuwa kabla tu ya uji wa saa nne, pale ninapopita na sanduku nikikusanya vizibo harakaharaka ili meza ziwe tupu. Kumbe mkono uliokuwa ukianzisha vita ni wangu mimi.

Habari ya Jumatatu aliifumbua bibi yake, bila yeye mwenyewe kuona kama amefumbua kitu. Baba yake Simba ni dereva wa lori, Mombasa hadi Juba. Lori likikwama foleni hapa mpakani Jumamosi, analala nyumbani. Makaratasi yakipita, anaondoka usiku, mtoto amelala, "asije akalia." Mtoto anaamka, anakuta kitanda kitupu, anavalishwa fulana, analetwa kwangu.

"Ticha, mchape tu kidogo," bibi akamalizia. "Huo ni ujeuri wa baba yake."

Suala la uji lilikuwa rahisi, naona haya hata kulieleza. Mtoto wa miaka minne ukimwambia "dakika tano" umemwambia nini? Sasa nasema: "Vizibo vitano vya mwisho." Kila mmoja anapanga vitano vyake, tunahesabu kwa kupiga makofi, tunakwenda kunawa. Ugomvi wa saa nne umepungua hata sina cha kuandika.

La maneno ndilo lililonitoa jasho. Kiswahili hakikosi maneno ya moyoni: hasira, huzuni, wivu, uchungu, donge kooni. Lakini mtoto tunampa yapi? Usilie. Acha kununa. Mwanamume halii. Hata "kununa" anakutana nalo likiwa shtaka, hajawahi kuulizwa amenunia nini. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na siku ya kwanza nilipopiga magoti mkekani (magoti yangu yakalia kuliko watoto) nikamwambia, "Umekasirika. Nimekunyang'anya vizibo hujamaliza," sauti yangu niliiona ngeni. Simba akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa soko la mbali. Nikaendelea: "Kukasirika sawa. Kuuma hapana, kuuma kunaumiza. Ukikasirika, niambie."

Hakuniambia. Wiki mbili nzima alikuwa anakuja na neno moja: "Tumbo linauma." Nikamshauri bibi atafute dawa ya minyoo. Akampa. Jumatatu iliyofuata tumbo likauma tena, nami ndipo nikashtuka. Hakuwa na neno jingine la kuelezea mahali pale panapojikunja ukiamka ukakuta mtu hayupo. Nami nampeleka kwa minyoo!

Chuoni tulifundishwa habari za Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuja Kampala mwaka 1954, akawa anazitembelea familia 26 katika vijiji vya Buganda, kila baada ya wiki mbili, miezi kwa miezi, akiwaangalia tu watoto wachanga na mama zao. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake hang'ang'anii mgongoni. Anatambaa kwenda kuchunguza mambo, anarudi kwa mama, anakwenda tena. Nililikariri hilo kwa ajili ya mtihani, nikapata alama nzuri, nikalisahau. Sasa Simba huacha mchezo, anakuja kugusa pindo la sketi yangu, hasemi kitu, anarudi kwenye vizibo. Zamani ningemwambia, "Nenda kakae!" Nilishawaambia watoto wangapi hivyo? Afadhali nisihesabu.

Nisijisifu, lakini. Jumanne nilifoka tena, kwa mtoto mwingine, kwa sababu ya uji uliomwagika na kichwa kilichokuwa kinaniuma. Darasa zima likaganda. Nilipotulia nikawaambia, "Ticha alikasirika, akapaza sauti. Samahani." Binti mmoja wa mbele akaniuliza kama nataka kuhesabu vitano.

Leo mchana bibi alikuja kumchukua Simba. Lori lilikuwa limeonekana foleni upande wa Kenya, habari alishazipata kwa simu, kwa hiyo alikuwa na haraka, kikapu mkono mmoja, mkono mwingine umenyooshwa. Simba akarudi nyuma hatua moja.

"Bibi, nimekasirika. Baba ataondoka nimelala."

Nikaganda mlangoni na ufagio wangu. Bibi akanigeukia. "Ndiyo haya mnayomfundisha?"

"Ndiyo, Bibi."

Akasonya. Akaangalia barabarani kwenye malori, akamwangalia mtoto, kisha akaweka kikapu chini, akachutama taratibu kwa yale magoti yake yaliyochoka kuliko yangu.

"Hebu sema tena," akamwambia.