Umeme Umefika Wapi?

Kile kichwa cha treni ya kuchezea nilikinunua kwa pauni 12, Jumapili moja ya Novemba 2018, kwenye mnada wa vitu vilivyotumika hapa Leeds, ule ambao watu hufungua buti za magari yao na kupanga bidhaa mezani. Kilikuwa kwenye boksi la viatu pamoja na vipande vya reli, mabehewa mawili na kontrola yake, kile kiboksi kinachopeleka umeme kwenye reli.

Mwanangu alikuwa na miaka saba. Tangu tulipompeleka kwenye makumbusho ya reli ya York, alikuwa halali usiku bila kuitaja Mallard, treni ya mvuke iliyofika maili 126 kwa saa mwaka 1938. Nikaunga reli sebuleni, nikachomeka kontrola ukutani, nikazungusha swichi yake. Kimya. Nikakisukuma kichwa kwa kidole: magurudumu hayakuzunguka, yaliburuzika tu. Mtoto akaniangalia usoni. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni watu. Mota sikuwahi kufungua hata moja.

Ila najua wa kumpigia. Baba yangu amestaafu, lakini kwa miaka mingi alikuwa fundi umeme katika karakana ya reli Morogoro. Wengi hudhani kwenye vichwa vya dizeli injini ndiyo inayozungusha magurudumu. Kwenye vile alivyovishughulikia yeye, injini huzungusha jenereta, jenereta hupeleka umeme kwenye mota zilizofungwa kwenye ekseli, na mota ndizo zinazovuta mzigo wote. Kaboni za mota zilizokwisha alikuwa akituletea nyumbani, vipande vyeusi vya kujaa kiganja vinavyogusa sehemu ya mota inayozunguka ili kuipa umeme, tukachorea sakafu mpaka Mama atufukuze. Naukumbuka ubaridi wake na ule wororo mkononi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Mbona usiku hivi, kwema?"

Kwetu ilikuwa saa mbili usiku, kwake saa tano.

"Kwema kabisa. Nina treni ya mtoto, haitembei."

Akanyamaza. Alipoongea tena sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ile ya zamani, ya baba anayeingia mlangoni na ovaroli lake.

"Kutoka reli hii mpaka hii pana upana gani?"

Nikachukua rula. "Milimita kumi na sita na nusu."

"Yetu mita moja," akasema, akacheka. "Haya. Weka hiyo bisibisi chini, najua umeishika. Usifungue kitu. Kwanza niambie umeme umefika wapi."

Kesho yake, kwa maelekezo yake, nilinunua globu ndogo ya gari, ya volti 12 na wati 5, maana kontrola ile nayo hutoa volti 12. Nikaifunga nyaya mbili, nikagusisha kila waya kwenye reli yake. Ikawaka! Nikazunguka nayo duara zima, kipande kwa kipande. Pahali pamoja ilififia, kiungio cha bati kilikuwa kimelegea, nikakibana kwa koleo.

"Basi relini umefika," Baba akasema. "Sasa fungua. Peleka nyaya kwenye mota yenyewe."

Skrubu moja tu, na bodi ikanyanyuka. Ndani kulikuwa na sumaku, katikati yake amecha, ile sehemu inayozunguka, iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na kaboni mbili zinazosukumwa na springi. Kila kaboni ilikuwa ndogo kuliko punje ya mahindi. Nilipogusisha nyaya, mota ikanguruma bila kuzunguka.

"Toa! Toa haraka! Mota ikila umeme bila kuzunguka inaunguza waya zake."

Nikatoa. Ilikuwa imeshapata joto. Akaniomba nimwonyeshe kwa video, nikashika simu kwa mkono mmoja na tochi kwa mwingine. Alichokitafuta ni kile chuma chembamba kinachotoka kwenye mota, kilichochongwa mizunguko kama skrubu, kinachosukuma meno ya gia ya ekseli. Gia ya namna hiyo, akanieleza, hupokea nguvu upande mmoja: mota huzungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuzungusha mota. Kumbe magurudumu hayakuwa yamekwama hata kidogo! Ndivyo yalivyoundwa.

"Zungusha amecha yenyewe, kwa kidole."

Ilikuwa nzito kama kukoroga ugali ulioiva. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imeganda, ya kahawia, inanata kama ulimbo. Nilikaa saa nzima na njiti za meno na pamba yenye spiriti, nikiikwangua jino kwa jino. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila mwisho wa ekseli ya mota, kwa ncha ya sindano, na onyo juu yake: kaboni zisiguswe na mafuta. Nikagusisha nyaya. Ikazunguka, inalia kama nyuki.

Nikairudisha relini. Kimya tena. Nilitaka kulia.

"Usichoke, mama. Relini umefika, na mota nzima. Umepotea hapo katikati."

Kwenye kichwa kile, magurudumu ya upande mmoja yamekingwa yasipitishe umeme kwenye chesisi, na kijibati chembamba cha shaba hukwaruza nyuma yake ili kuuchukua na kuupeleka kwenye mota. Kijibati kilikuwa kimepinda, kimeachana na gurudumu kwa nafasi ya kupita unywele. Nikakirudisha kwa ncha ya sindano ile ile.

Kikaondoka. Mtoto akapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

"Nisogezee simu nisikie," Baba akasema. Nikailaza kando ya reli. Kichwa kikapita, kikazunguka, kikapita tena.

"Kuna tik. Inapiga mara moja gurudumu likizunguka, au mara nyingi?"

Nikainama. "Mara moja."

"Basi si mota. Angalia gia ya ekseli, kuna jino limeshika uchafu."

Nilikuta uzi, mwekundu, labda wa zulia la watu nisiowajua, umejikunja kati ya meno mawili. Nikauvuta kwa kibanio. Tulipokiwasha tena tik haikuwepo, na Baba hakukata simu. Alikaa kimya upande wa pili, anasikiliza treni ikizunguka, na kule Morogoro ilikuwa inaelekea saa saba usiku.